"Mumbo jumbo" si mambo yetu wala jambo letu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana, naongoza watalii hapa Arusha. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaambia wageni kwamba neno lao "mumbo jumbo" wamelichukua kwetu, kutoka "mambo" na "jambo", na wanafurahi sana. Juzi mzee mmoja Mwingereza alinikatalia mbele ya wenzake. Halafu yeye akatuambia kwamba "posh", neno lao la mambo ya kitajiri, ni herufi za kwanza za maneno manne yaliyopigwa mhuri kwenye tiketi za meli za India. Nani mkweli kati yetu? Na "OK" je, imetoka wapi? Tena hizi "e.g.", "i.e." na "etc." zilizojaa kwenye ratiba zetu za safari, ni Kiingereza kweli? Nisaidie nisije nikaumbuka tena.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitoe hukumu kwanza, maelezo yafuate. Kwenye "mumbo jumbo" yule mzee kakushinda. Kwenye "posh" hakuna mshindi, maana naye kauziwa mbuzi kwenye gunia. Usimcheke sana. Hata mimi nilimnunua mbuzi huyohuyo na nikamuuza darasani miaka mingi, mpaka siku moja mwanafunzi wa kidato cha tano akaniuliza, "Mwalimu, hiyo tiketi umeiona?" Sikuwa nimeiona. Na nilipoanza kuulizia, nikagundua kwamba hakuna aliyewahi kuiona.

Swali la yule mwanafunzi ndiyo kazi yetu nzima. Maneno hufanana sauti kama watu wanavyofanana sura, na kufanana sura si undugu. Anayetafuta asili ya neno haanzi na masikio, anaanza na karatasi: neno hili limeonekana kwenye maandishi mara ya kwanza mwaka gani, wapi, kwa mkono wa nani, na lilikuwa na maana gani? Kweli neno laweza kutembea midomoni miaka na miaka kabla ya mtu kuliandika, lakini haliwezi kuandikwa kabla halijazaliwa. Hapo ndipo hadithi nyingi tamu huvunjikia.

Tuanze na lako. "Mumbo jumbo" iliingia kwenye Kiingereza mwaka 1738, katika kitabu cha safari cha Francis Moore, aliyekuwa karani wa Royal African Company kwenye mto Gambia. Alieleza desturi ya Wamandinka: mtu aliyevaa joho refu la magome ya mti na kufunika uso hujitokeza usiku kijijini, wanawake wakimwogopa, na wanaume wakimtumia kuamua ugomvi wa nyumbani kwa namna inayowapendelea wao. Mungo Park, msafiri Mskoti aliyepita pande hizo mwaka 1795, naye alimtaja. Jina lenyewe ni la Kimandinka. Baadaye Waingereza wakalifanya jina la sanamu yoyote ya Kiafrika wasiyoielewa, kisha maneno ya uganga yasiyo na maana, na mwisho ndiyo hii ya leo: maelezo yenye kutatanisha, kama ya mwanasheria au ya mtu wa bima.

Sasa jiulize, mwaka 1738 Mwingereza alikuwa wapi kwenye pwani yetu? Wareno walikuwa wameipoteza Fort Jesus kwa mara ya mwisho mwaka 1729, na aliyekuwa akivutana na wenyeji kuitawala Mombasa alikuwa Mwarabu wa Oman. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuja kuandika kamusi ya Kiswahili, alitia mguu Mombasa mwaka 1844, zaidi ya miaka mia baada ya kitabu cha Moore. Kati ya Gambia na Mombasa kuna bara zima. Kwa hiyo "mambo" na "jambo" hazimo kabisa. Na nikwambie la pembeni: hata kama zingekuwemo, sioni cha kujivunia. Neno hilo lilikua kwa dharau, kwa kuwa mtu aliyelieneza hakujisumbua kuuliza wenyeji walikuwa wanafanya nini.

Ndugu yake, "jumbo" ya ndege kubwa na pakiti kubwa, nayo huvutwa kuja kwetu, mara "jambo", mara "jumbe". Umaarufu wake umetokana na tembo aliyeitwa Jumbo, aliyefika bustani ya wanyama ya London mwaka 1865 akitokea Paris, akauzwa kwa Mmarekani mwenye sarakasi, P. T. Barnum, mwaka 1882, na akafa kwa kugongwa na treni huko Kanada mwaka 1885. Lakini kamusi ya misimu ya mwaka 1823 tayari inalo neno hilo, kwa maana ya mtu mkubwa asiye mwepesi. Tembo alipewa jina lililokuwa tayari mitaani.

Usihuzunike, yapo yetu ya kweli, na yana karatasi zake. "Safari" ni yetu (sisi tuliipata kwa Waarabu, lakini Waingereza waliipata kwetu). Ilipenya Kiingereza katikati ya karne ya 19 kupitia wasafiri kama Richard Burton, na ikawa neno la kila mtu Marekani baada ya Theodore Roosevelt kushuka Mombasa mwaka 1909 na bunduki zake. Halafu kuna Jenga, mchezo wa vijiti vinavyopangwa kama mnara. Aliyeubuni, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki, na alipouonyesha kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea London mwaka 1983 aliupa jina la kitenzi chetu hivihivi kilivyo. Wageni wako wengi wanao mchezo huo nyumbani wala hawajui kwamba kila wakiutaja wanaamrisha mtu kwa Kiswahili. Hapo utawafurahisha bila kuwadanganya.

Tumgeukie mzee na "posh" yake. Hadithi inasema matajiri waliokuwa wakienda India kwa meli za kampuni ya P&O walichagua vyumba vya upande wa kushoto wakati wa kwenda na upande wa kulia wakati wa kurudi, ili wakwepe jua, na tiketi zao zikagongwa mhuri P.O.S.H., yaani "Port Out, Starboard Home". Ni hadithi safi mno. Jua lipo, meli zipo, matajiri wapo. Kinachokosekana ni tiketi: haijapatikana hata moja, na kampuni yenyewe haina kumbukumbu ya mhuri huo. Tena hadithi hii yenyewe ilianza kuandikwa miaka ya 1930, wakati neno lilikuwa limeshazeeka mitaani. Katika misimu ya London ya karne ya 19, "posh" ilikuwa pesa, hasa sarafu ndogo ya nusu peni, na kwa Waromani, wale waliojulikana kwa kuhamahama Ulaya, neno "posh" ni nusu. Mwaka 1890 kamusi ya misimu inaitaja pia kwa maana ya mtu mtanashati. Kutoka pesa kwenda kwa mtanashati, na kutoka hapo kwenda kwa vitu vya kitajiri, si mwendo mrefu. Sisi wenyewe tunajua jinsi jina la fedha linavyohama: waulize wazee wa Dar es Salaam habari za sarafu ya shilingi tano waliyoiita "dala".

Kuna kipimo kimoja nakuachia. Ukisikia kwamba neno la zamani ni herufi za kwanza za maneno mengine, shika mfuko wako. Mtindo wa kuunganisha herufi za mwanzo na kuzisoma kama neno moja ulishika kasi karne ya 20, wakati wa vita na majeshi. Kabla ya hapo ni nadra sana. Ndiyo maana "news" si kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Ni mambo mapya tu, "new" yenye kiambishi cha wingi. Hata "SOS", ile ishara ya Morse ya kuomba msaada, haina maneno nyuma yake: ilikubaliwa Berlin mwaka 1906 kwa sababu nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu haikosewi hata na mtu anayetetemeka.

Lakini kanuni ina mtego wake, na mtego huo ni "OK". Hii ni herufi za kwanza kweli! Karatasi yake ni gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839. Vijana wa magazeti wa Boston wakati huo walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno, na si kuyafupisha tu, kuyakosea kwa makusudi kwanza. "All right" wakaiandika "oll wright", ikawa "O.W.". "All correct" wakaiandika "oll korrect", ikawa "o.k.". Wewe wa umri wako utaelewa haraka kuliko mimi: ni akili ileile iliyowafanya vijana wetu kuandika "xaxa" badala ya "sasa" kwenye simu. Vifupisho vingi vya Boston vilikufa baada ya miezi michache. "OK" iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa akigombea tena, na kwa kuwa alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York, wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook" wakaunda klabu za O.K. Alishindwa uchaguzi, herufi zake zikabaki. Aliyefukua yote haya ni profesa Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyepekua magazeti ya zamani na kuchapisha matokeo miaka ya 1963 na 1964. Kabla yake kila taifa lilikuwa na "OK" yake: Wagiriki, Waskoti, Wachoktao wa Marekani, hata Afrika Magharibi. Kila mmoja alisikia sauti ya nyumbani kwao, kama wewe na "mambo".

Sasa vifupisho vya ratiba zenu. Si Kiingereza, ni Kilatini kilichohamia na kupewa uraia. "E.g." ni "exempli gratia", kwa ajili ya mfano. "I.e." ni "id est", yaani "hiyo ni". "Etc." ni "et cetera", na mengine yaliyobaki, ambayo sisi tunaiandika n.k. Kwa kuwa "et" tayari ni "na", anayeandika "and etc." anasema "na na kadhalika". Kosa linaloweza kukugharimu hasa ni kuchanganya mbili za kwanza. Ukiandika kwenye ratiba kwamba chakula cha mchana ni cha moto, "e.g." kuku, umetoa mfano, na siku hiyo waweza kuleta samaki. Ukiandika "i.e." kuku, umefafanua na kufunga mlango: mgeni anadai kuku wake, na ana haki.

Usione ajabu kwamba Mwingereza anaazima lugha ya watu kwa mambo ya kitaaluma. Tazama kinywa chako. "Yaani" ni Kiarabu, "kadhalika" ni Kiarabu, na maneno yetu ya sheria, elimu, hesabu na ibada yamejaa Kiarabu tele. Kilatini kwa Kiingereza kina kiti hichohicho. Kiliingia kwa mawimbi: kwanza na kanisa, mmisionari Augustine alipofika Kent, Uingereza, mwaka 597, kisha kwa mlango wa Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, halafu kwa wanazuoni wa karne ya 15 na ya 16, walioona haya kuandika jambo la maana bila kulipamba.

Hao wa mwisho walifanya vituko. Neno "debt", deni, lilitoka Kifaransa likiwa "dette", halina "b" kwenye ulimi wa mtu yeyote. Wanazuoni wakakumbuka kwamba Kilatini ni "debitum", wakaichomeka "b" ili neno lionekane limesoma. Mpaka leo haitamkwi, na mpaka leo watoto wetu wanachapwa alama nyekundu kwa ajili yake. Angalau hapo walikuwa sahihi kuhusu ukoo. Kwenye "island", kisiwa, walipotea kabisa. Neno hilo ni la Kiingereza cha kale kabisa, halikuwa na "s". Lilifanana na "isle", lenye asili ya Kilatini "insula", nao wakadhani ni ndugu, wakalipa "s" ya watu wengine. Unaona? Hiyo ndiyo "mambo na jambo" ya wanazuoni, ila yao imechapishwa kwenye kila ramani.

Kilatini kingine umekipanda asubuhi hii. Karne ya 19 Wafaransa walikuwa na magari ya farasi ya kubeba abiria yeyote, yakaitwa "omnibus", Kilatini cha "kwa ajili ya wote". George Shillibeer akaleta mtindo huo London mwaka 1829. Watu wa mitaani hawana subira na maneno marefu. Wakakata kichwa, wakabaki na mkia, "bus". Mkia huo kwa Kilatini si neno, ni kiambishi tu cha mwishoni. Sisi tukaupokea, tukaupa irabu, tukapata "basi", lenye wingi wa "mabasi" na konda mlangoni.

Na hii nyingine unaiandika kila siku bila kuifikiria. Kwenye bei zenu mnaandika 50,000/=. Kile kistari cha mshazari ni cha nini? Waingereza walihesabu fedha kwa alama tatu za Kirumi, £, s na d, yaani libra, solidus na denarius. Ile "s" haikuwa ya shilingi. Shilingi ni neno la Kiingereza cha kale, ikatokea tu kwamba inaanza na herufi hiyohiyo. Zamani "s" iliandikwa ndefu, na mikono ya makarani wenye haraka ikainyoosha mpaka ikawa mkwaju, na wachapaji wengine mpaka leo mkwaju huo wanauita "solidus". Kwa hiyo 5/- ilisomwa shilingi tano, peni hakuna. Shilingi ilipoletwa Afrika Mashariki mwaka 1921, ilikuja na mwandiko wake, ila nafasi ya peni ikashikwa na senti. Uingereza iliacha shilingi na peni zake za zamani tarehe 15 Februari 1971. Sisi muuza nyanya wa Kilombero bado anaandika sarafu ya Roma kwenye kipande cha boksi.

Kabla sijaacha Kilatini, kuna nahau moja wageni wako wataitumia vibaya mbele yako: "the exception proves the rule". Husemwa mtu akibanwa. Amedai simba wote ni wavivu, ukamwonyesha mmoja anayekimbia, naye anajibu kwamba huyo ndiye anayethibitisha kanuni. Upuuzi. Asili yake ni kanuni ya sheria ya Kilatini, "exceptio probat regulam in casibus non exceptis", na hoja ya namna hiyo Cicero, wakili wa Roma ya kale, aliitumia mahakamani alipomtetea Balbus mwaka 56 kabla ya Kristo. Maana yake ni nyepesi: ukikuta kibao kimeandikwa "Jumapili maegesho ni bure", unajua siku nyingine unalipa, ingawa hakuna aliyeandika hivyo. Kutajwa kwa kinachoachwa nje kunathibitisha kuwa kanuni ipo kwa vilivyobaki.

Nahau za Waingereza ndizo zenye uongo mwingi kuliko yote. Mvua ikikukuta na wageni watasema "it's raining cats and dogs", na mmoja atakueleza kwamba zamani paka na mbwa walilala juu ya paa za nyasi, mvua ikinyesha wakateleza na kuanguka. Hiyo ilitoka kwenye barua pepe iliyozagaa mwaka 1999, pamoja na hadithi nyingine za aina hiyo kuhusu maisha ya miaka ya 1500. Nahau yenyewe inaonekana kwa umbo hili katika kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1738 (mwaka uleule wa Moore, mwaka wenye kazi), ambamo aliwakejeli watu wa mjini kwa misemo yao iliyochakaa. Yaani ilishachakaa tayari. Ama hiyo paa, aliyekulia nyumba ya makuti hahitaji kamusi. Paka utamsikia juu, panya utawasikia, lakini mbwa atapandaje? Na mnyama gani mwenye akili anaacha uvungu mkavu akanyeshewe juu?

Ukipata Mlondoni wa kweli wa mashariki ya mji, muombe akufundishe misimu yao ya vina. John Camden Hotten aliiandika kwenye kamusi yake mwaka 1859. Kichwa ni "loaf of bread", kwa kuwa "bread" ina kina kimoja na "head". Kisha wanatupa neno lenye kina na kubaki na lile jingine, ndipo mtu anaambiwa "use your loaf", tumia kichwa, nawe unatafuta mkate. Ni ufundi wa kuficha kama kile kinyume cha wazee wa pwani, "nyumba" ikawa "mbanyu", ila wa kwao mtu wa nje hana pa kushikia.

Mwisho nikupe silaha ya nyumbani. Nimesikia waongozaji wenzako wakisema kwamba "boma" ni herufi za kwanza za jina fulani refu la utawala wa Kiingereza ng'ambo, British Overseas sijui nini. Kamusi ya Krapf, iliyochapwa mwaka 1882, inalo neno hilo kwa maana tunayoijua, ukuta au ua wa kujikinga, na Waingereza walikuwa hawajaanza kututawala. Tena wewe huhitaji hata kamusi. Uko Arusha. Wapeleke wageni kwenye Boma la Kale, ile nyumba ya makumbusho ya viumbe na mazingira. Wajerumani waliijenga mwaka 1900. Waingereza waliingia Arusha mwaka 1916, wakalikuta boma limeshasimama na jina lake.